Mama Rula Alivyomwombea Mtu Fulani

Mama Rula alikuwa mtu mnyenyekevu sana, na yeyote aliyesita kuliamini hilo alielezwa na yeye mwenyewe, polepole, kwa mifano.

Jina hilo alipewa na watu kwa ajili ya ile rula yake ya mbao, ndefu kama mkono wa mtu mzima, aliyoitumia kukatia vitambaa. Kazi ya rula ilikuwa kunyoosha mstari wa chaki. Lakini kwa kuwa haikuwa ikipumzishwa, ilifanya pia kazi ya kuwaonyesha watu makosa yao: kola hii imelala, pindo hili limepanda upande, na wewe mama umenenepa tangu Jumanne. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye dirisha linalotazama barabara. Mle ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi nzito, kopo la vifungo vilivyochambuliwa kwa rangi, na sanamu la kuvalishia nguo, lisilo na kichwa. Kati ya wote waliokaa chumba kile, sanamu ndilo lililosahihishwa mara chache zaidi, na hata hilo liliwahi kuambiwa lisimame vizuri.

Cherehani ya dirishani ilikuwa ya Mama Rula. Ya mlangoni ilikuwa ya mdogo wake, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu aliyefiwa na mume, akaja na sanduku moja kukaa "wiki mbili tatu tu, Dada, mpaka nijipange." Wiki hizo zilikuwa zimefika miaka kumi na moja. Wateja walimwita Kimya. Si kwamba alizaliwa hana maneno. Ni kwamba katika nyumba ile kila sentensi yake ilikuwa na mtu wa kuimalizia.

Kazi waliigawana hivi. Kimya alishona. Mama Rula alifumua alichoshona Kimya, kisha akakishona tena.

"Umeshona vizuri," alikuwa akisema, mkono tayari umeshika kiwembe. "Vizuri kabisa. Nakurekebishia hapa kidogo tu."

Kidogo hicho kilikuwa mkono mzima wa shati, au mikono yote miwili na kola yake. Akimaliza kufumua, anaokota vipande vya uzi kimoja kimoja, anapiga pasi, kisha anashona mshono uleule, mahali palepale, kwa uzi wa rangi ileile. Ungeweka mashati mawili mezani, moja la kabla na moja la baada, malaika wenyewe wangehitaji muda kuyatofautisha. Mama Rula aliona tofauti. Aliiona kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili, na kazi hiyo aliihesabu katika mambo anayomfanyia mdogo wake kwa upendo.

Sasa, mtu mwema kiasi hicho alikuwa na huzuni moja. Mara tatu jina lake lilikuwa limependekezwa awe mzee wa kanisa, na mara tatu washirika wakachagua mtu mwingine. Mara ya tatu walimchagua bwana mmoja mwenye kigugumizi. Hapo Mama Rula akajua wazi kwamba kuna kizuizi.

"Kuna kitu kinazuia huduma yangu, Mchungaji," alimwambia mchungaji wake baada ya ibada. "Nakihisi. Kipo karibu nami kabisa."

"Hilo hata mimi nimelihisi," akajibu mchungaji, akayatazama viatu vyake.

Ikawa mwezi mzima mchungaji akahubiri juu ya vizuizi vya ndani: kiburi, kinyongo, hofu, ukaidi, mambo ambayo mtu huyabeba moyoni na yakamzuia asikue mbele za Mungu. Mama Rula hakukosa hata hubiri moja. Aliyaandika yote katika daftari, na pembeni mwa kila kizuizi akaandika herufi ya kwanza ya jina la mhusika. Kiburi kilihitaji kurasa mbili. Habari ya boriti na kibanzi ndiyo iliyomgusa kuliko zote, kwa sababu aliwajua watu kumi na mmoja inaowahusu, na wanne kati yao alikaa nao benchi moja.

Kila Jumatano alasiri, akina mama kumi na wawili, Mama Rula na Kimya wakiwamo, walikutana kuomba katika sebule ya nesi mmoja mstaafu. Kikundi chao kilikuwa na utaratibu wake. Kila mmoja anaandika hitaji lake kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane. Jina haandiki, ila anachora alama ndogo pembeni: ua, nyota, chochote atakachokikumbuka. Karatasi zinakunjwa na kutiwa kikapuni. Kila mmoja anachukua moja isiyo yake, anaibeba siku saba akiiombea, na siku ya saba anaandika neno la kumtia moyo mwenye hitaji nyuma ya karatasi, kisha anairudisha kikapuni. Mwenyewe anaitambua kwa alama yake, anakwenda nayo nyumbani. Kuulizana hii ni ya nani kulikatazwa.

Wiki iliyotangulia Mama Rula alikuwa ameandika: OMBEENI KIZUIZI KILICHO KARIBU NAMI KIONDOLEWE. Karatasi ikarudi na maneno haya nyuma: "Nimeomba kila siku. Jaribu kusikiliza." Akafurahi sana. Alielewa kwamba anaambiwa asikilize sauti ya Mungu, ambayo bila shaka ingemtajia mtu huyo kwa jina.

Jumatano hiyo, basi, akatia mkono kikapuni akachukua karatasi mpya, akaifungulia jikoni kwake. Ilisema hivi:

KUNA MTU NINAYEMPENDA NA KUMWOGOPA. KILA NINALOFANYA ANALIRUDIA UPYA. NIKISEMA ANANIMALIZIA. NIMEPATA MAHALI PENGINE PA KWENDA NA NATAKIWA NIJIBU KABLA MWEZI HAUJAISHA. SINA UJASIRI WA KUMWAMBIA. NIOMBEENI.

Pembeni palichorwa duara dogo lenye nukta mbili katikati.

Mama Rula alisoma mara tatu, na mara ya tatu machozi yakamlengalenga. Akaenda nayo sebuleni kwa mumewe. Kusema kweli kumwonyesha mtu kulikatazwa, lakini mume na mke ni mwili mmoja, kwa hiyo kwa hesabu zake siri ilikuwa haijatoka nje ya mwili. Mumewe alikuwa dereva wa lori mstaafu, mtu aliyejifunza barabarani kutopiga honi bila sababu.

"Hebu sikia," akamwambia, akamsomea. "Umesikia? Kuna mwanamke katika kikundi chetu anaishi na jitu la namna hii!"

Mumewe akashusha gazeti. Akamtazama mkewe. Akatazama mlango wa chumba cha kushonea, ambako cherehani ya Kimya ilikuwa ikilia taratibu. Akamtazama tena mkewe.

"Na huyo mtu," akauliza, "mwenyewe anajijua?"

"Watu kama hao hujijua wapi!"

"Labda mtu angemwambia."

"Hasikii! Mtu wa hivyo ukimwambia anakukatiza kabla hujafika popote."

"Mimi nafikiri kama mtu angekaa naye polepole, akamw—"

"Akamweleza, ndiyo, lakini nani? Nakwambia hawasikii. Na hii alama umeiona? Duara na matundu mawili. Pua ya nguruwe! Maskini, amemchora mtesi wake."

Mzee akarudisha gazeti usoni. Likawa linatikisika kidogo, na Mama Rula akaenda kufunga dirisha akidhani ni upepo.

Usiombe uingie katika maombi ya Mama Rula ukiwa upande mbaya. Alifunga siku tatu, Alhamisi mpaka Jumamosi, bila kutia kitu mdomoni isipokuwa chai ya maziwa, ambayo si chakula. Kila asubuhi alipiga magoti kando ya kitanda na kumshtaki mtu yule mbele za Mungu kwa ufasaha ambao wakili angeulipia. "Bwana, mshushe! Mwonyeshe alivyo! Mweke mahali ambapo hana neno la kujitetea, asikilize tu, asikilize mpaka aumie!" Alimwombea pia yule mwanamke apewe ujasiri. Baada ya hapo alikwenda chumba cha mbele, akachukua kiwembe, akafumua sketi alizoshona Kimya jana yake.

Ijumaa hiyo Kimya alijaribu kusema jambo. "Dada, kuna kitu nataka—"

"Uzi mweusi uko kwenye droo ya pili," Mama Rula akamjibu, kwa upole wa mtu aliyefunga.

Kimya akafungua droo ya pili. Uzi mweusi ulikuwamo, ni kweli.

Jumanne, Mama Rula hakuweza tena kuvumilia. Utaratibu ulikataza kuulizana; kukisia haukukataza. Akawapitisha akina mama wote kumi na mmoja kichwani, mmoja mmoja, akasimama kwa nesi mstaafu mwenyewe. Nani mwingine? Nesi alikuwa na mkwe anayeishi naye, msichana mpole anayekuja kwenye maombi na kukaa karibu na mlango. Na nesi alizoea kutoa amri wodini miaka thelathini. Kila kitu kikakaa mahali pake. Mama Rula akajitanda khanga, akaenda kubisha.

"Mama," akamwambia, hata maji aliyokaribishwa hajayagusa, "nakuambia kwa upendo. Waachie watu nafasi. Hasa waliomo humu ndani mwako. Si kila kitu lazima kifanyike unavyotaka wewe."

Alikaa akingoja nesi awake. Ndivyo wafanyavyo wenye kiburi, wanawaka. Nesi hakuwaka.

"Asante," akasema. "Sikuwa nimeliona hilo. Nitamuuliza mkwe wangu leo hii kama nimekuwa nikimbana."

Mama Rula akatoka amekasirika. Ukorofi anauelewa, lakini mtu mkorofi kujifanya mnyenyekevu! Njia nzima alikuwa akisonya.

Usiku haukuwa umeingia alipoketi mezani kuandika nyuma ya karatasi. Herufi kubwa aliziacha. Hizo ni za wenye hitaji. Yeye aliandika kwa mwandiko wake mwenyewe, wenye mikia mirefu, na palipo na uzito akapigia mstari, kwa rula.

"Mpendwa, nimefunga siku tatu kwa ajili yako. Ondoka. Usingoje huyo mtu abadilike, watu wa namna hiyo hawajioni. Akikasirika, ujue ni kiburi chake kinauma, na kiache kiume. Mungu amekufungulia mlango, pita. Usirudi nyuma hata akilia. HASA akilia."

Jumatano akaitia kikapuni, akachukua ya mtu mwingine aliyetaka kuombewa goti, akarudi nyumbani moyo mweupe.

Alhamisi asubuhi alikuwa mezani akichora mstari wa chaki kwenye kitambaa cha majoho ya kwaya, Kimya akaingia. Hakwenda kwenye cherehani yake. Alikuja akasimama upande wa pili wa meza, macho mekundu, akaweka karatasi juu ya kitambaa.

"Dada," akasema, "asante."

Mama Rula akaiona karatasi, akashtuka. "Umeitoa wapi hii? Wewe! Hii ni ya mtu!"

"Ni yangu, Dada."

"Yako vipi? Hii ina pua ya nguruwe."

"Pua ya nguruwe?" Kimya akaitazama. "Dada, hicho ni kifungo."

Mama Rula akaitazama naye. Duara. Matundu mawili. Kando yake, kwenye kopo, vilikuwamo vifungo vipatavyo mia nne, vyote vya duara, vyote vya matundu. Alikuwa ameshona kwa miaka thelathini na miwili. Chaki ikamponyoka, ikaanguka chini, ikavunjika vipande vitatu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakumlaumu mtu.

"Nilipoona mistari ya rula nikajua ni mwandiko wako," Kimya alikuwa akisema, na maneno yalimtoka kwa wingi kama ya mtu mwingine. "Nikasema basi, nimefukuzwa. Halafu nikasoma tena nikaona siku tatu. Dada amefunga siku tatu! Amesoma yote niliyoyasema juu yake, akajitambua, na badala ya kukasirika amefunga, akaniombea, akaniruhusu niende. Mimi nisingeweza. Nimelia usiku kucha. Leo asubuhi nimewapigia simu wale watu walionipa kazi nikawaambia nakuja. Ulijua tangu mwanzo kwamba ni mimi, sivyo?"

Hapa palikuwa na maneno mawili ya kuchagua. La kwanza lilikuwa "sikujua". Lilikuwa la kweli, na lilikuwa na sura mbaya sana.

"Nilijua," akasema Mama Rula.

Kimya akazunguka meza, akamkumbatia. Alikuwa hajamkumbatia hivyo tangu mazishi ya mumewe.

Ile siku ya kwanza uongo ule ulikuwa mtamu, tusifichane. Kimya aliimba akishona. Alimpelekea dadake chai bila kuagizwa. Mchana akampigia mchungaji kumsimulia, na mchungaji akauliza, "Dada yako yupi?" Alipohakikishiwa kuwa ni yuleyule, akasema Bwana asifiwe kwa sauti ya mtu aliyekalia msumari. Mama Rula alijiona amesimama mbele ya washirika akiapishwa, kwa unyenyekevu mkubwa.

Tabu ya kudai unajua jambo ni kwamba watu hukuzungumzia kama mtu anayelijua.

"Sasa naweza kusema, maana umeshajiona mwenyewe," Kimya akaanza Ijumaa, mguu ukikanyaga cherehani. "Unakumbuka lile gauni langu jeusi? La mazishi?"

"Nakumbuka," akasema Mama Rula. Alikumbuka kuwa pindo lake lilikuwa limepinda.

"Tulikuwa tumesimama kaburini. Wanashusha jeneza. Wewe ukainama nyuma yangu na kiwembe ukaanza kufumua pindo nikiwa nimelivaa. Nilitaka kumwona mume wangu kwa mara ya mwisho, nikawa nasikia nyuzi zinakatika kwenye miguu yangu. Nilipoinua macho walikuwa wameshaanza kumwaga udongo."

Mama Rula akafungua mdomo. Alikuwa na maelezo: watu walikuwa wakitazama, pindo lilikuwa limepanda kushoto vidole viwili, alitaka mdogo wake aonekane wa heshima siku hiyo. Kwa miaka kumi na moja jambo lile alilihifadhi miongoni mwa wema wake. Lakini mtu aliyekwisha kujitambua hajitetei. Akafunga mdomo.

"Hukumbuki nilivyotetemeka?" Kimya akauliza.

"Nakumbuka," akasema. Alidhani ilikuwa baridi.

"Na yale majoho ishirini na manne. Ulipolazwa hospitali. Nilishona peke yangu wiki mbili, nikikuwazia wewe: Dada akitoka aone, afurahi. Ukatoka. Ukakaa hapo hapo ulipokaa. Ulifumua yote. Kwaya wakaimba na nguo za nyumbani."

"Matundu ya vifungo—" ilimponyoka Mama Rula.

"Yalikuwaje?"

Aliyatafuta yalikuwaje. Alitafuta kwa bidii, akiyapitisha majoho yale machoni, moja moja. Hakupata.

"Endelea," akasema kwa sauti ndogo.

Na Kimya akaendelea. Miaka kumi na moja ni mingi, na huyu alikuwa mtu aliyenyamazishwa yote. Aliongea bila hasira, akicheka mahali pengine, kama watu wawili wanaomsengenya mtu wa tatu waliyewahi kumfahamu na akafa. Mama Rula akakaa juu ya kigoda chake, hana neno la kujitetea, akasikiliza mpaka akaumia. Kati ya maombi yote aliyowahi kuomba, hakuna lililojibiwa upesi namna ile, wala kwa usahihi namna ile.

Jumamosi alfajiri akapiga magoti kando ya kitanda. Alikusudia kushukuru. "Bwana," akaanza, "nakushukuru kwa kunipa moyo wa kujiona..." Akakwama. Akajaribu njia nyingine. "Bwana, nakushukuru kwa kumpa mdogo wangu ujasiri kupitia unyenyekevu wa..." Akakwama tena. Akakumbuka alivyosimama kwa nesi wa watu na maji hajayagusa. Akafungua daftari la mahubiri, atafute pa kuanzia. Kiburi, kurasa mbili, herufi za watu ishirini na sita. Akatafuta yake. Haikuwemo. Alikuwa amewahesabu washirika wote, na bwana mwenye kigugumizi mara mbili, akamsahau mtu mmoja.

"Aa, Bwana," akasema, si kwa ufasaha wowote. "Kumbe ni mimi."

Mumewe, ambaye yeye alidhani amelala, akageuka upande wa pili na kusema, "Amina."

Mama Rula akamkuta Kimya chumba cha mbele, anakusanya vitu vyake: mkasi wake, futi ya kupimia, mto wa sindano. Kazi mpya ilikuwa inaanza Jumatatu.

"Sikujua," akasema Mama Rula mlangoni.

"Hukujua nini?"

"Kwamba ni wewe. Kwamba ni mimi. Nilisoma ile karatasi nikadhani ni nesi anamtesa mkwe wake. Nilikwenda mpaka kwake nikamkaripia."

Kimya akasimama na futi mkononi. "Lakini ulifunga."

"Nilifunga ili Mungu amshushe huyo mtu."

"Ukaniandikia niondoke."

"Nilimwandikia mwanamke wa watu. Nilimhurumia sana."

"Kwa hiyo," Kimya akasema polepole, "ulikuwa unanihurumia mimi kwa kuishi na wewe."

"Sana. Nililia."

Uso wa Kimya ukakunjamana. Mama Rula akajiandaa kwa matusi, na kwa kweli alikuwa akiyastahili kwa jumla na rejareja. "Juzi nimekukumbatia," Kimya akasema, sauti ikipanda. "Jana nimekueleza habari za kaburini, mambo ambayo sijamwambia mtu, wewe umekaa hapo unaitikia 'nakumbuka, nakumbuka'! Ulikuwa unakumbuka nini?"

"Pindo."

Kimya akamtazama. Midomo ikamcheza. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, cha kuvunja mbavu, akaketi juu ya marobota ya kitambaa na machozi yakimshuka, na haikuwa rahisi kujua mengi yalikuwa ya kicheko au ya kitu kingine. "Pindo!" akawa anasema. "Pua ya nguruwe! Ee Mungu wangu!"

Mama Rula hakucheka. Alingoja. Kungoja mtu amalize kulikuwa kitu kigeni kwake, hakujua mikono aiweke wapi.

"Basi ile ruhusa sikupewa," Kimya akasema alipotulia, akijifuta uso kwa kiganja.

"Hukupewa."

"Na sasa je?"

Neno "baki" lilikuwa limeshafika kooni. Lilikuwa fupi, na alijua akilisema kwa machozi kidogo lingefanya kazi. Kimya alikuwa na moyo wa namna hiyo. Akalifikiria lile neno. Akamfikiria huyu mdogo wake, miaka mingine kumi na moja pale mlangoni, na yeye dirishani na kiwembe.

"Sasa nakwambia mwenyewe, nikijua kuwa ni wewe," akasema. "Nenda. Na sitaki uende."

"Yote mawili?"

"Yote mawili. Nifanyeje?"

"Ningekwenda hata kama ungekataa, Dada. Nilishawaahidi."

"Najua." Akafikiri kidogo. "Hapana, sikujua. Sasa ndiyo najua."

Nje mtu alipita na mkokoteni, magurudumu yakilia. Mama Rula akavuta kigoda, akaketi upande wa mlangoni, mahali ambapo kwa kawaida hakai.

"Huko utafanya nini hasa?" akauliza. Ghafla akagundua kwamba swali hilo hajawahi kumuuliza.

"Ni karakana ya mashuka na mapazia ya hospitali. Meza moja ni yangu. Nitakuwa na mafundi watatu chini yangu."

Mama Rula alikuwa na ushauri kuhusu mafundi watatu. Akaumeza.

"Mashuka wanayakata kwa mashine, marefu, yote kwa mkupuo," Kimya akaendelea.

Juu ya kukata kwa mashine alikuwa na mambo mawili ya kusema. Akayameza yote mawili, yakashuka kwa shida kama vidonge bila maji.

"Na mapazia yana pindo la vidole vitatu, mimi nafikiri—"

"Vinne," akasema Mama Rula.

Kimya akamtazama.

"Samahani," Mama Rula akasema. "Ulikuwa unafikiri nini?"

"Nafikiri vitatu vinatosha."

Mama Rula akashika magoti yake kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama mtu aliyepanda chombo asichokizoea.

"Haya," akasema. "Endelea."